Taa Niliishika Mimi

9 Februari

Kwa mdogo wangu Kibogoyo,

Salamu nyingi, za kuwatosha nyote nyumbani na za akiba. Mimi sijambo. Nyumba nayo haijambo, ila paa la jikoni limeanza tena kuvuja palepale ulipopanda mwaka juzi ukatamba kwamba umeziba. Fundi Mabomba alipanda kuangalia, akashuka anacheka, akasema aliyeziba pale alikuwa na hasira na nyumba hii. Mama macho yanaendeleaje? Mwambie asikubali kusukumwa mwakani tena, hospitali waseme ni lini. Wifi yangu nampa pole ya kuishi na wewe, na mapacha wape busu moja moja, wasigombane.

Usianze na maneno yako ya kwa nini sipokei simu. Mtandao wa huku unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Andika, tupa kwenye basi la asubuhi. Karani wa vifurushi ananifahamu, ataniitia dirishani kwake.

Sasa sikiliza. Ile bandari iliyokuwa ikisemwa tangu tukiwa shule, safari hii si maneno. Wamekuja na ramani. Wanataka kufukua ghuba yote, kuanzia kwenye mwamba hadi mdomoni, meli kubwa zipite. Bustani yangu ya matumbawe iko katikati ya njia. Unajua nimeipanda kipande kwa kipande, tangu siku zile nilipokuwa nikiazima miwani ya kuogelea. Mwanzoni watu waliniita mkulima wa chumvi. Leo samaki wamerudi mpaka wavuvi wenyewe wananisalimia kwanza.

Kamati ya halmashauri itakaa mwezi wa sita. Nilikwenda kujieleza, mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, maneno yako mazuri, lakini sisi hatuzami. Tuletee tuone."

Na hapo ndipo ninapokwama. Picha zangu ni aibu tupu. Nikisogea karibu napata kitumbawe kimoja kama kitunguu. Nikirudi nyuma ili bustani yote iingie, maji yanajaa katikati, kila kitu kinakuwa ukungu wa kijani, huwezi kujua ni matumbawe au ni shuka limezama. Nimesikia kuna lenzi pana za kupigia chini ya maji. Dukani mjini kwetu kijana alinionyesha moja, nikamuuliza inaonaje ndani ya maji, akaniambia "vizuri sana", kama anauza embe. Nikatoka.

Wewe ndiye mwenye kazi hii. Nichagulie. Sina mwingine wa kumuuliza nikamwamini.

Dada yako


24 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na harufu ya chumvi, mapacha wameinusa kwa zamu. Sisi wazima. Mama amepangiwa kufanyiwa macho mwezi wa saba, safari hii wameandika tarehe kabisa. Anasema akipona kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni wewe umepunguza ukali. Wifi yako anashukuru kwa pole, anasema inafika kwa wakati wake. Paa sitalijibu. Mimi ni mpiga picha, si ngazi.

Nakuja kwenye lako. Kosa lako si kamera, dada, ni maji. Kila hatua ya maji kati yako na kitu inakula rangi, inakula makali, na inakuletea zile chembe zinazoelea. Kwa hiyo kanuni ni moja tu: punguza maji. Msogelee unayempiga mpaka uone haya. Sasa ukiwa karibu hivyo, lenzi ya kawaida haioni kitu. Unahitaji lenzi inayoona pande zote huku pua yako iko kwenye matumbawe.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni pana ya mistari, ile inayoacha ukuta uwe ukuta na nguzo iwe nguzo. Nzuri kwa majengo. Lakini chini ya maji inadai kuba kubwa la kioo mbele yake, zito kama sufuria la harusi, na bado pembe za picha zinaelekea kuvuja kama paa lako. Ya pili wanaiita jicho la samaki. Hiyo inaona karibu nusu ya dunia. Inapinda mistari, ndiyo, lakini chini ya maji nani ana mistari? Kuba lake dogo, unalisukuma mpaka karibu liguse kitu, na picha inakuwa kali.

Ila ujue tabia yake. Kilicho karibu nayo inakifanya jitu. Kilicho nyuma, hata kama ni mlima, inakifanya kitoto. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, jiulize unataka nini kiwe kikubwa. Picha yote ni hapo.

Niambie unachagua ipi, niitafute.

Mdogo wako Kibogoyo


15 Machi

Kibogoyo wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako kwa sauti mezani, Fundi Mabomba akiwa anachomelea fremu mpya ya bustani pale mlangoni, akasema kumbe huyu mdogo wako ana akili, mbona alipokuja hakuja nazo. Nimemwambia ulikuwa umeziacha kwa mkeo zisilowe. Tarehe ya Mama imenifurahisha mpaka nikafagia uwanja mara mbili.

Jicho la samaki linanivutia, lakini nina hofu. Mimi nina mistari, mdogo wangu. Matumbawe yangu yamekaa kwenye fremu za nondo. Lenzi ikizipinda, wale wa kamati watasema fremu za mama huyu zimekunjika, bustani imeanguka. Unajua watu wakishataka kukataa wanavyopata nguvu. Halafu taa: ninayo moja tu ya mkononi. Itatosha kwa picha pana hivyo?

Na jambo jingine. Usinitumie kifurushi. Njoo nayo. Njoo tuzame wote, unionyeshe hapohapo mahali pa kusimama na pa kupitisha mwanga. Toka umeoa hujazama na mimi hata mara moja. Chumba chako kiko vilevile, isipokuwa nimeweka mitungi ya hewa uvunguni.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinibana. Mama hajambo, pacha mmoja ameng'oka jino la mbele, sasa nyumba ina vibogoyo wawili. Wifi yako amebadilisha kituo cha kazi, anatoka mapema anarudi amechoka.

Kuhusu nondo usiogope. Mstari unaopita katikati kabisa ya picha haupindi hata kwa jicho la samaki. Ipitishe fremu katikati, itasimama kama askari. Nondo za pembeni ndizo zitakazoinama, na hizo zifunikwe na matumbawe. Kwa hiyo tumekubaliana: jicho la samaki. Nimeshaipata, nzuri, kuba halina mkwaruzo.

Na ndiyo, nitakuja nayo. Taa nitakuja na mbili kubwa, moja nitafunga kwenye kamera, nyingine mtu ataishika pembeni. Mwanga ukitoka pembeni hauwashi zile chembe za mbele ya kioo.

Nimepata kazi nyingine ya picha, watu wa majengo na ujenzi, si mambo ya kukueleza kwa barua. Afadhali kuliko harusi, angalau ukuta haukuambii nipunguze tumbo.

Nilitaka kukuuliza. Ile dhoruba ya miaka ile iliyokuvunjia fremu za kwanza, ilivunja upande gani? Mabaki bado yapo au uliyatoa? Nauliza ili nijue tutajipangaje chini.

Nitafika na basi la Ijumaa, wiki ya kwanza ya Mei.

Kibogoyo


12 Mei

Kibogoyo wangu,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Natumaini ulifika salama, na wifi yangu hakukuuliza sana kwa nini umerudi na ngozi ya kenge. Mama mpe salamu zangu, mwambie yale magauni yake yamenitosha, nimezidi kukonda au yeye alizidi kunenepa.

Mdogo wangu, sijui nianzie wapi kukushukuru. Nimekaa na zile picha kwenye kompyuta ya shule ya hapa, mwalimu mkuu akaita darasa zima. Bustani yote imo! Imo kuanzia kwenye nguzo ya alama mpaka kule kwenye mteremko, na lile kundi la samaki wa njano limekaa juu yake kama limelipwa. Fremu imesimama katikati kama ulivyosema. Fundi Mabomba akasema, "Kumbe ndivyo ilivyo." Amezama na mimi miaka yote hiyo, na hajawahi kuiona yote kwa pamoja. Mimi pia.

Ile siku ya pili uliponipeleka upande wa fremu zilizovunjika, nakiri nilinung'unika. Nilikuwa nimeshachoka, na pale sipapendi. Lakini uliponieleza kwamba kioo kinapimwa mahali pasipo na rangi, kwa sababu rangi inaficha makosa ya pembeni, nikaona kweli huyu anajua kazi. Ndiyo maana nikashika taa bila kutikisika, ingawa mkono ulikuwa unakufa ganzi. Ulikuwa umelala kifudifudi kwenye mchanga, kuba karibu liguse ile nondo yenye kutu, mpaka nikacheka mapovu.

Uliniuliza ufukweni kuhusu sikio nikakukatiza. Ni mafua tu. Usimwambie Mama chochote, ana macho yake ya kufikiria.

Kamati inakaa tarehe kumi na tano mwezi ujao. Nina picha sasa. Sina hofu tena.

Dada yako anayekupenda


18 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu tulilelewa tusianze barua bila salamu. Mama, wifi na watoto wote nawasalimu.

Hukunijibu ile ya Mei. Nilidhani ni kazi.

Nikueleze kikao kilivyokwenda, maana sidhani kama waliokutuma wamekueleza.

Tulikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, ule wenye feni moja. Waliketi upande wa kulia watu wa bandari na mhandisi wao, sisi tukaketi kushoto: mimi, Fundi Mabomba, mwalimu mkuu na wavuvi kama kumi. Nikaanza mimi. Nikaonyesha picha zetu ukutani. Ninasema zetu. Watu walisimama. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mvuvi mmoja akasema kwa sauti, "Mimi hupita juu ya hapo kila siku!" Nilikuwa nimeshashinda, mdogo wangu. Niliona kabisa kwenye nyuso zao.

Ndipo mhandisi akainuka. Kijana mpole, amechomekea. Akasema, "Tunaheshimu sana juhudi za mama. Lakini nasi tuna picha ya bustani hiyohiyo, ya mwezi huohuo." Akabonyeza.

Ukuta mzima ukawa kijivu. Mbele kabisa, nondo iliyovunjika, kubwa kama nguzo ya daraja, kutu inamenyeka. Chini yake matumbawe yaliyokufa yametapakaa kama mifupa, yanakwenda mpaka huoni mwisho. Na nyuma, juu kwenye pembe, kijimstari cheusi kisichoonekana ni kitu gani. Kile kijimstari, Kibogoyo, ndiyo bustani yangu. Ndiyo yote.

Nilijua kabla hajasema neno. Si kwa ajili ya nondo. Nilijua kwa mwanga. Ulikuwa unatoka kushoto, chini kidogo, umetulia. Taa niliishika mimi.

Mhandisi akasema, "Hii ndiyo hali halisi. Zile alizoonyesha mama zimechaguliwa." Wavuvi wakaanza kupiga kelele kwamba ni uongo, pale si bustanini, pale ni makaburini pake. Mwenyekiti akagonga meza. Akasema, "Picha zote mbili naona ni za kweli, hazijachezewa. Sasa tumwamini nani? Mama, hii picha unaijua? Aliyepiga unamjua?"

Fundi Mabomba alinigeukia. Yeye ndiye aliyekuwa juu kwenye mashua siku ile. Alikupa mkono ulipotoka majini, akakubebea kamera. Aliniangalia tu, akisubiri niseme.

Ningesema, kila kitu kingegeuka. Ningesema ni mdogo wangu, alikuja nyumbani kwangu, alilala chumbani kwake, alikula mezani pangu, akanipeleka kwenye fremu zilizokufa akaniambia tunapima kioo. Ukumbi mzima ungejua. Wangekuandika. Jina la baba lingesomwa pale mbele ya watu.

Nikasema siijui, na simjui.

Fundi Mabomba aliondoka ukumbini. Hajaniuliza kitu mpaka leo, na hajaja kuchomelea.

Kamati imeruhusu wafukue. Wametupa muda wa kuhamisha tutakachoweza.

Nakuuliza jambo moja tu, na nijibu hilo, usinizungushe: ulipokuwa unashuka kwenye basi ile Ijumaa, nikakukimbilia, ulikuwa unajua?

Dada yako


2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku tunaendelea. Mapacha wamefunga shule. Mama amefanyiwa macho, yote mawili, na madaktari wanasema imekwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Anasoma hata maandishi ya chupa za dawa.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nataka uelewe ilivyokuwa. Watu wale walinipa kazi ya kupiga picha maeneo yote ya mradi, juu na chini. Nilipiga kila kitu. Niliwapa picha za bustani yako ikiwa hai, niliwapa na zile nyingine. Wao ndio waliochagua. Mimi sikuandika maelezo, sikusema hii ndiyo bustani. Mpiga picha akishakabidhi kazi, haiko tena mikononi mwake. Hilo kila mwenye kazi hii analijua.

Na bandari ingejengwa tu, dada. Kwa picha yangu au kwa picha ya mwingine. Ulikuwa unapigana na watu wenye ramani zilizokwisha kupigwa mihuri.

Na jambo jingine, nilisema nisiliseme lakini umenilazimisha. Nilikuona siku ile ulivyotoka majini. Ulijifuta haraka ukidhani sijaona, lakini taulo lilikuwa na damu. Nilipokuita kutoka nyuma hukugeuka. Nilikuita kwa sauti, dada, na ulikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Si mtandao unaokuzuia kupokea simu. Husikii. Utakwenda chini siku moja usirudi, kwa ajili ya matumbawe. Nilifikiri bustani ikiisha utapumzika. Unaweza usiamini, lakini nilifikiri hivyo kweli.

Kama unataka niwaandikie kamati, niambie niandike nini, nitaandika.

Sasa kuna la Mama. Kampuni ya bandari ilitoa kalenda yenye picha nilizopiga hapo ghubani. Nililetewa chache kazini, nikaziacha kwenye mkoba wa kazi, mmoja wa mapacha akaitoa moja akamwonyesha bibi yake kwa furaha: "Bibi, ona, hapa ni kwa shangazi, baba ndiye aliyepiga!" Mama akaishika karibu na dirisha, akaitazama sana. Akaniuliza, "Dada yako anajua?" Nikaichukua kalenda, nikaikunja. Tangu siku hiyo ananijibu salamu tu. Amekunja nguo zake kwenye sanduku, limekaa mlangoni. Anasema anataka kuja kukaa kwako. Wifi yako amembembeleza, ameshindwa.

Nikimleta tutapata nafasi ya kuzungumza mimi na wewe, ana kwa ana. Mambo haya hayatoshi kwenye karatasi. Nijibu ni lini nije.

Kibogoyo wako


20 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa macho ya Mama mpaka nimelia, na sijui ni kwa furaha peke yake. Mapacha wasigombezwe kwa ajili ya kalenda. Mtoto alionyesha kazi ya baba yake kwa kujivuna, hana kosa hata kidogo. Wifi yangu mwambie sina neno naye.

Swali langu lilikuwa moja. Umeandika pande zote za karatasi na hukulijibu. Basi nitalijibu mimi. Barua yako ya Aprili ilikuwa na maswali mawili kuhusu mabaki: yako upande gani, na je, bado yapo. Aliyekwisha kujua atakachopiga ndiye anayeuliza hivyo. Ulijua kwenye basi. Ulijua nilipokukimbilia na kukupokonya mfuko wa kamera ili usichoke. Ulijua nilipokutandikia kitanda.

Sikio langu ni bovu, ni kweli. La kulia limekwisha, la kushoto linakwenda. Daktari alinikataza kuzama tangu mwaka jana. Nilikuficha kwa sababu nilijua utaniambia niache, na ungekuwa na haki ya kuniambia. Ungeniambia mezani, tungegombana, ningenuna siku mbili, tungemaliza. Lakini usilichukue sikio langu ukalifanya ngao yako. Hukwenda kwa mhandisi kumwambia dada yangu haruhusiwi kuzama. Ulimpelekea picha.

Kamati usiwaandikie. Ungetaka kuwaandikia ungekuwa umekwisha andika, usingesubiri mimi nikuandikie maneno. Na barua hiyo ingekuja kukuta nini? Mtambo umefika Jumanne. Siusikii, lakini nikisimama jikoni nauhisi kwenye nyayo, sakafu inatetemeka na vikombe vinasogea. Maji ya ghuba yamekuwa rangi ya chai ya maziwa kuanzia mwambani mpaka mdomoni.

Tumehamisha kidogo. Fundi Mabomba amerudi. Alikuja asubuhi moja na ndoo zake, akazipanga kwenye mashua bila salamu. Tulipofika katikati akazima injini, akaniambia mdomo wake ukiwa unaelekea machoni pangu ili nisome: "Ungemtaja." Nikamwambia, "Ndiyo." Akawasha injini. Hatujalizungumza tena. Yeye na wavuvi wawili ndio wanaozama, mimi nakaa mashuani napokea vipande na kuviweka kwenye maji ya ndoo, tunavipeleka nyuma ya kisiwa ambako mkondo ni mkali na sijui vingapi vitashika. Vikubwa vile vya mwanzo, ulivyovipiga na samaki wa njano, havikubebeka. Tumeviacha pale.

Lenzi ninayo. Naitumia kila siku, namfungia Fundi anapiga nyumba mpya ya matumbawe, fremu baada ya fremu. Ni nzuri kupita zote nilizowahi kuona. Ulinichagulia vizuri, kwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ungenichagulia mbovu ningekuelewa kirahisi. Ningesema alikuwa adui tangu mwanzo. Lakini ulikaa ukafikiri nondo zangu zitapita wapi kwenye picha, ukafikiri mwanga wangu, ukafikiri uzito wa kuba kwa mkono wangu. Ulinipenda na ukaniuza kwa wiki hiyohiyo, na sijui nikuweke wapi.

Mama aje. Nimempangia chumba kile chenye dirisha la uwanjani, si cha upande wa maji, asiamke akaona. Mitungi nimeitoa. Kitanda nimekigeuza ili jua la asubuhi lisimpige machoni.

Mlete Jumamosi, basi la asubuhi, maana la mchana linaegesha ng'ambo na yeye hawezi kuvuka. Mkalishe kiti cha mbele, kushoto, apate mahali pa kunyoosha mguu. Dawa zake za macho mwekee kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Njiani basi likisimama mteremshe taratibu, haoni vizuri umbali wa ngazi bado, atasema anaona, usimwamini.

Nitakuwa kituoni kabla hamjafika. Nitakuja mpaka mlangoni mwa basi, nitampa mkono. Sanduku nipitishie dirishani, nitalipokea. Na wewe nitakusalimia, maana wewe ni damu yangu na watu watakuwa wanatazama.

Mama atashuka. Wewe usishuke.

Dada yako